Kuachia Nafasi Bila Kuacha Ajira

Barua ya kuacha kazi ni miongoni mwa nyaraka fupi kuliko zote ambazo mfanyakazi huandika katika maisha yake ya utumishi, na pengine ndiyo inayonakiliwa zaidi, kwa kuwa mwandishi wake huwa na haraka ya kuondoka na hana hamu ya kutafuta maneno mapya. Vielelezo vinavyozunguka katika simu na katika steshenari za katikati ya jiji la Mwanza vimetungwa kwa ajili ya mtu anayeondoka moja kwa moja: anashukuru, anataja siku yake ya mwisho, anaomba malipo yake, anaaga. Kasoro hujitokeza pale kielelezo hicho kinapochukuliwa na mtu ambaye haondoki, kama karani wa kiwanda cha minofu ya sangara aliyechaguliwa kuwa msaidizi wa maabara katika kiwanda hichohicho, au mhasibu msaidizi aliyepata nafasi katika kitengo cha manunuzi cha shirika lake, au mwalimu wa Ilemela aliyejisomesha sheria na sasa anataka kuwa afisa sheria wa halmashauri. Watu hawa wanaachia nafasi, hawaachi ajira, na barua inayochanganya mambo hayo mawili inaweza kumfutia mtu miaka ya utumishi ambayo hakuna aliyekusudia kuifuta, wala yeye mwenyewe, wala mwajiri wake.

Tofauti hiyo ina mizizi katika sheria. Ajira ni mkataba kati ya mtu na mwajiri, na nafasi ni kazi ambayo mkataba huo unamtaka mtu huyo aifanye kwa wakati fulani, kwa cheo fulani na kwa mshahara fulani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, iliyotungwa mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, yakiwamo cheo, kituo cha kazi, tarehe ya kuanza na ujira, na kifungu hichohicho cha 15 kinaeleza kwamba jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri atayarekebisha maelezo kwa kushauriana na mfanyakazi kisha amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Kwa maneno mengine, mtu anapohama kutoka idara moja kwenda nyingine ndani ya taasisi moja, sheria haimtazami kama aliyekufa kikazi na kufufuka, bali inamtazama kama mtu yuleyule ambaye maelezo yake yanarekebishwa. Barua anayoiandika yeye ni upande wake wa marekebisho hayo, na barua ya mwajiri ni upande wa pili.

Mfano unaojulikana na Watanzania wengi ulitokea Dodoma. Tarehe 6 Januari 2022, Job Ndugai alitangaza kwamba ameandika barua ya kujiuzulu nafasi ya Spika wa Bunge, lakini hakujiuzulu ubunge. Aliendelea kuwa mbunge wa Kongwa, akashuka kutoka katika kiti cha mbele na kubaki ndani ya chombo kilekile. Aliyekuwa naibu wake, Tulia Ackson, alichaguliwa kuwa Spika tarehe 1 Februari mwaka huo, naye hakuingia upya bungeni, ila alihama kutoka kiti kimoja hadi kingine, na nafasi aliyoiacha ikajazwa na Mussa Azzan Zungu baadaye mwezi huohuo. Barua ya Ndugai ilielekezwa kwa Katibu Mkuu wa chama chake, na nakala ikapelekwa kwa Katibu wa Bunge, jambo lililozua mjadala, kwa sababu wapo waliohoji kama huyo ndiye aliyestahili kuandikiwa. Hoja yao haikuwa ya kubuni. Ibara ya 149 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaweka utaratibu wa kujiuzulu kwa wenye madaraka yaliyoanzishwa na Katiba, na ukiondoa lugha yake ya kisheria, inadai mambo machache sana: taarifa iwe ya maandishi, itiwe sahihi na mwenyewe, ipelekwe mahali panapostahili, na ihesabiwe kuanza kazi siku ilipopokelewa, isipokuwa kama yenyewe imetaja siku nyingine ya baadaye. Karani wa kiwandani hana madaraka ya kikatiba, lakini barua yake ikikosa mojawapo ya mambo hayo manne, itamsumbua kwa namna ileile.

Kabla ya kuangalia namna barua inavyoandikwa, inafaa kuangalia fedha, kwa sababu huko ndiko neno moja lisilo mahali pake linakopimwa kwa shilingi. Sheria ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi kiinua mgongo, yaani malipo ya mwisho wa ajira, kwa kiwango kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi usiokatika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Malipo hayo hutolewa pale mwajiri anapomaliza ajira, mathalani kwa kupunguza wafanyakazi, na mtu lazima awe ametumikia angalau miezi 12 mfululizo. Anayeacha kazi kwa hiari yake haingii katika fungu hilo. Mtu achukuliwe anayelipwa mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 kwa mwezi kwa wiki ya siku sita za kazi, ambao ukigawanywa kwa utaratibu wa sheria unakuwa takriban shilingi 30,000 kwa siku. Amefanya kazi miaka 9, akahamia idara nyingine, na baada ya miaka 2 kiwanda kikapunguza watu kwa sababu samaki wameadimika ziwani. Ikiwa utumishi wake haukukatika, amefikisha miaka 11, anahesabiwa 10, na kiwango chake cha chini ni siku 70, ambazo ni shilingi 2,100,000. Ikiwa faili lake lina barua inayosema kwamba aliacha kazi na barua nyingine inayosema kwamba aliajiriwa upya, mwajiri anapata hoja ya kuhesabu miaka 2 tu, ambayo ni siku 14, yaani shilingi 420,000. Tofauti ya shilingi 1,680,000 inatoka katika sentensi aliyoinakili kutoka katika kielelezo cha mtu mwingine. Anaweza kubishana na huenda akashinda, kwa kuwa mazingira halisi ya uhamisho yatamsaidia, lakini ni afadhali kutokuwa na ubishi kuliko kuwa na ubishi mzuri.

Likizo nayo hufuata mkondo huohuo. Sheria inatoa siku 28 za likizo ya mwaka, na ajira inapokoma, siku ambazo hazijachukuliwa hulipwa kwa mahesabu ya mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Mtu anayehama ndani hana sababu ya kulipwa siku hizo, kwa kuwa anahama nazo, na anayezidai katika barua yake ameshakiri, bila kujua, kwamba ajira yake imekoma.

Swali linalotangulia yote, basi, ni kama mwajiri ni yuleyule. Swali hilo linaonekana jepesi mpaka mtu apande kilima cha Bugando. Juu ya kilima hicho kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ni mali ya Kanisa Katoliki lakini inafanya kazi kwa makubaliano na Serikali, kiasi kwamba katika wodi moja anaweza kukutwa muuguzi aliyeajiriwa na hospitali na mwingine anayelipwa na Serikali. Hapohapo kuna Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Kikatoliki, kilichoanza mwaka 2003 kama chuo kishiriki, ambacho wanafunzi wake hujifunzia katika wodi hizohizo. Mtaalamu wa maabara anayetoka hospitalini na kuwa mkufunzi chuoni anaweza kuendelea kupita geti lilelile kila asubuhi na kula chakula mahali palepale, lakini huenda amebadilisha mwajiri. Hali kama hiyo ipo ng'ambo ya ziwa upande wa Geita, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulioanza uzalishaji mwaka 2000 unazungukwa na makampuni ya wakandarasi: dereva wa mkandarasi anapochukuliwa na mgodi wenyewe, watu wa kijijini kwake watasema bado yuko mgodini, lakini kisheria ameacha kazi kwa mwajiri mmoja na kuanza kwa mwingine.

Njia ya kutambua si kutazama nembo iliyo kwenye sare, kwa kuwa makampuni dada hupenda kuvalisha watu wao nembo moja. Inapasa kutazama jina lililo juu ya mkataba, jina lililo kwenye hati ya malipo ya mshahara, na jina la mwajiri anayewasilisha michango katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Majina hayo matatu yakibaki yaleyale baada ya kuhama, huo ni uhamisho wa ndani. Yakibadilika, mtu anaingia katika ajira mpya hata kama bosi mkubwa ni mmoja, na hapo barua halisi ya kuacha kazi inahitajika pamoja na notisi yake, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28. Anayevuka mpaka huo anapaswa kuuliza mapema kama mwajiri mpya atakubali kwa maandishi kuitambua miaka yake ya nyuma, maana asipofanya hivyo anaanza upya katika mambo mengi, likiwamo moja zito: kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mtu aliyetumikia chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja. Kwa mwajiri yuleyule miezi hiyo hujumlishwa hata kama mikataba ni zaidi ya mmoja. Kwa mwajiri mpya inaanza sifuri.

Upo pia upande wa pili wa jambo hili, ambapo mtu hahami ila kazi yenyewe ndiyo inayohama. Mabaharia wa meli za Ziwa Victoria wenye makao yao bandarini Mwanza wameona mwajiri akiwa Shirika la Reli, kisha Kampuni ya Huduma za Meli, na sasa Kampuni ya Meli Tanzania, na mabadiliko ya namna hiyo hayamtaki baharia aandike kwamba anaacha chochote. Vivyo hivyo, Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, shughuli ya kuvusha magari na abiria kwa vivuko mahali hapo ilipoteza sababu yake karibu kwa siku moja. Nahodha, fundi au mkata tiketi anayepangiwa kituo kingine katika mazingira kama hayo anahamishwa na mwajiri, naye anachotakiwa kuandika ni barua ya kukiri kupokea uhamisho, ikitaja siku atakayoripoti na stahiki za uhamisho anazotarajia; akiombwa asaini karatasi ya kuacha kazi ili aajiriwe upya huko aendako, ana kila sababu ya kuuliza kwa nini.

Sasa barua yenyewe. Ofisi za Tanzania zina umbo la barua ya kikazi ambalo halijabadilika sana kwa miongo mingi, na umbo hilo, pamoja na ukavu wake, lina faida kwa jambo hili. Anwani ya mwandishi na tarehe hukaa juu, anwani ya mwandikiwa hufuata upande wa kushoto, na kati yake na kichwa cha habari huwekwa herufi K.K., yaani kupitia kwa, zikifuatiwa na cheo cha mkuu wa idara anayeachwa. Mstari huo mdogo ndio unaobeba adabu yote ya uhamisho wa ndani. Barua inaelekezwa kwa mwenye mamlaka ya ajira, ambaye ni meneja mkuu, mkurugenzi au ofisi ya rasilimali watu kwa niaba yake, lakini inapita mikononi mwa msimamizi wa sasa, ambaye ataandika maoni yake na kuipeleka mbele. Anayemruka msimamizi kwa sababu anaogopa kuzuiwa humfanya aisikie habari hiyo kwenye korido, na mtu aliyeisikia habari kwenye korido hana haraka ya kumwachia mfanyakazi wake. Inafaa msimamizi aambiwe kwa mdomo kwanza, barua ifuate siku hiyohiyo au kesho yake.

Baada ya hapo huja kichwa cha habari kinachoanza na YAH:, kifupi cha yahusu, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Kichwa kinachosema "KUACHA KAZI" kinasema jambo lisilo la kweli, na masjala, ambayo ni ofisi ya kupokea na kutunza mafaili, itaiweka barua mahali panapolingana na kichwa chake. Kwa karani wa kiwandani aliyetajwa hapo mwanzo, barua isiyo na kasoro ingeweza kusomeka hivi:

"YAH: KUACHIA NAFASI YA KARANI WA MAPOKEZI YA SAMAKI KUTOKANA NA UHAMISHO WA NDANI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu, pamoja na barua yako ya tarehe 3 mwezi huu iliyonijulisha kuteuliwa kwangu kuwa msaidizi wa maabara katika kitengo cha udhibiti ubora.

Nimeukubali uteuzi huo. Kwa barua hii naachia nafasi ya karani wa mapokezi ya samaki kuanzia mwisho wa kazi wa tarehe 30, na nitaripoti katika kitengo cha udhibiti ubora tarehe 1 ya mwezi unaofuata, kama tulivyokubaliana na wakuu wa pande zote mbili.

Naelewa kwamba ajira yangu kwa kampuni inaendelea bila kukatika tangu tarehe niliyoajiriwa, pamoja na siku zangu za likizo na stahiki nyingine. Nitakamilisha makabidhiano kabla ya tarehe 28 kwa mtumishi nitakayeelekezwa.

Nashukuru kwa ushirikiano nilioupata katika idara ya mapokezi."

Baada ya hapo hufuata sahihi, jina, namba ya mfanyakazi, na orodha ya nakala, ambayo kwa kawaida huwa na mkuu wa kitengo kipya na ofisi ya malipo ya mishahara. Barua hiyo haina hata neno moja la kupamba, na haijapungukiwa kitu. Aya yake ya tatu ndiyo roho yake, kwa sababu inataja mwendelezo wa ajira kama jambo linaloeleweka na pande zote, na mwajiri anayeipokea bila kulipinga atapata shida baadaye kudai kwamba alielewa vingine. Kutaja barua ya uteuzi katika aya ya kwanza nako si urembo, bali ni kuifunga barua ya kuachia na barua ya kupokea ili yeyote atakayefungua faili miaka 10 baadaye aone kwamba moja ilizaliwa na nyingine.

Kutokana na hilo, ni hatari kuiandika barua hii kabla ya kuwa na barua ya uteuzi mkononi. Ahadi ya mdomo kutoka kwa mkuu wa idara mpya, hata akiwa mtu wa kuaminika, haimfungi mwajiri, na nafasi iliyoachwa inaweza kujazwa kabla ile mpya haijathibitishwa. Kukaimu, ambako ni kushika nafasi kwa muda bila kuwa mwenyewe wa nafasi hiyo, kumewaponza wengi kwa njia hii: mtu anaambiwa akaimu usimamizi wa ghala, anafurahi, anaandika barua ya kuachia uandishi wa stoo, na miezi michache baadaye mwenye ghala anapoajiriwa kutoka nje, aliyekaimu hana pa kurudi. Anayekaimu haachii chochote.

Kuhusu sababu, barua ya uhamisho wa ndani inahitaji moja tu, nayo ni uteuzi wenyewe. Historia ya Mwanza ina kumbukumbu ya barua ya aina nyingine kabisa. Januari 1977, Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kufuatia mateso na vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, matendo ambayo hakuyatenda wala hakuyaagiza, lakini yalitendeka chini ya wizara yake. Katika barua ya uwajibikaji kama ile, sababu ndiyo barua, na mwandishi asipoieleza hajaandika kitu. Mwinyi hakupotea katika utumishi wa nchi. Mwaka huohuo alipelekwa Misri kuwa balozi, na mwaka 1985 akawa Rais. Karani anayehama kutoka mapokezi kwenda maabara hana jambo la kuwajibikia, na malalamiko yake kuhusu msimamizi mkali, zamu za usiku au posho iliyochelewa yana mahali pake katika utaratibu wa malalamiko, si katika barua ambayo msimamizi huyohuyo ataisoma na kuiandikia maoni. Shukrani nazo zitoshe sentensi moja. Barua yenye aya tatu za shukrani kwa watu ambao mwandishi ataendelea kukutana nao kantini kila siku huleta kicheko kidogo, ingawa hakuna aliyewahi kuadhibiwa kwa hilo.

Utumishi wa umma unastahili maelezo ya peke yake, kwa kuwa huko ndiko barua ya kuacha kazi inakoumiza zaidi. Mwanza ina walimu, wauguzi na watendaji wengi waliojiendeleza katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilichopo Malimbe, Nyegezi, na wengi wao humaliza shahada ambayo hailingani na kazi waliyoajiriwa kuifanya. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye shahada ya sheria anapoona tangazo la afisa sheria, wazo la kwanza humjia kwamba aombe kama mtu wa mtaani, akipata aandike barua ya kuacha ualimu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yanasema vinginevyo, na yamekuwa yakisema hivyo kwa miaka mingi: mtumishi wa umma aliyepata sifa za kada tofauti na aliyonayo apitishe maombi yake kwa mwajiri wake, na aliyeko katika nafasi ya kuingilia asiombe nafasi nyingine ya kuingilia, kwa mujibu wa waraka wa tarehe 30 Novemba 2010. Kada ni kundi la watumishi wa taaluma moja lenye ngazi zake za vyeo, na kuhama kutoka kundi moja kwenda jingine huitwa kubadilishiwa kada.

Utaratibu huo hauanzi na barua ya kuacha, unaanza na barua ya kuomba, ikiambatanishwa vyeti, barua ya kuajiriwa na barua ya kuthibitishwa kazini, ikipitia kwa mkuu wa shule hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mkurugenzi naye hawezi kukubali kwa huruma tu. Lazima nafasi iwepo katika ikama, yaani idadi ya watumishi walioidhinishwa kwa kila kada, na iwe imetengewa fedha za mshahara. Ndiyo maana majibu huchelewa, mara nyingine hadi mwaka wa fedha unaofuata, na ndiyo maana wapo wanaokata tamaa na kuandika barua ya kuacha ualimu ili watafute njia ya mkato. Kwa anayevumilia, upo utaratibu wa mshahara binafsi, ambao humwezesha mtumishi anayehamia ngazi yenye mshahara mdogo kuendelea kulipwa ule wa zamani mpaka cheo chake kipya kimfikie. Anayeacha kazi na kuajiriwa upya anaanza na mshahara wa kuanzia.

Wenye mikataba ya muda maalumu, kama watumishi wengi wa miradi ya ujenzi na ya wafadhili kandokando ya ziwa, wana kikwazo chao. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 haziwapi ruhusa ya kuacha kazi katikati ya mkataba wapendavyo. Wanaweza kufanya hivyo ikiwa mwajiri amevunja mkataba kwa kiasi kikubwa, au ikiwa pande mbili zimekubaliana kuumaliza mapema. Kwao kuhamia nafasi nyingine kunahitaji nyongeza ya mkataba iliyosainiwa na wote, na barua ya upande mmoja, hata ikiwa imeandikwa vizuri kiasi gani, haitoshi.

Makabidhiano ni sehemu ya barua hata kama yanafanyika nje yake. Katika mapokezi ya kiwanda cha sangara vitu vya kukabidhi si vichache: mizani na hati yake ya ukaguzi, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, orodha ya mawakala wanaoidai kampuni na wale waliochukua fedha za awali kabla ya kuleta samaki, funguo za chumba cha baridi, na mabondo. Bondo ni kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa sangara, ambacho kikikaushwa huuzwa Asia kwa bei inayoiacha mbali sana ile ya minofu, na kwa hiyo kilo chache zinazopungua katika daftari zinaweza kumfuata mtu hadi maabara na kumrudisha ofisini kujieleza. Hati ya makabidhiano iandike uzito uliopimwa mbele ya watu wawili, isainiwe na anayetoa, anayepokea na shahidi, na mwenye kuhama abaki na nakala. Wapo wanaoona aibu kumpimia rafiki yao mabondo kwa gramu. Aibu hiyo ni ghali.

Mwajiri akiikubali barua, ampe mfanyakazi maelezo mapya ya ajira yanayotaja cheo kipya, mshahara na tarehe ileile ya zamani ya kuajiriwa. Tarehe hiyo ikionekana imebadilishwa kimyakimya, mfanyakazi aandike mara moja kuomba irekebishwe, kwa sababu saa imeanza kuhesabu. Mgogoro wa ajira ukishindikana ofisini hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi pia mkoani Mwanza, na muda wa kufungua shauri ni siku 30 ikiwa hoja ni uhalali wa kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine. Mtumishi wa umma hutangulia kwanza kufuata ngazi za rufaa za utumishi wake. Katika meza ya msuluhishi, kinachoulizwa mapema ni nakala ya barua yenye muhuri wa masjala unaoonyesha siku ilipopokelewa, na ambaye hakusubiri dirishani dakika mbili ili nakala yake igongwe muhuri hulazimika kutegemea kwamba ile ya mwajiri bado imo ndani ya faili.